Vitambaa vya Bluu Kwenye Mahindi

Zéphirin alikuja kupima nyumba wenyewe wangali ndani. Alipima kwa miguu, toka mlangoni hadi dirishani, na mkewe Alphonsine alimfuata nyuma akimwonyesha pa kuweka kitanda, pa kuweka kabati, pa kuweka lile friji lao ambalo halikugandisha kitu tangu umeme wa bwawa la Koni uanze kuja na kuondoka kama mgeni asiyependwa. Mama Marceline alikuwa ameketi sakafuni, anafunga sufuria zake ndani ya kitenge. Wakamruka miguu. Hawakusema samahani. Nani humwomba mdudu samahani?

Maana ndivyo walivyoitwa siku zile, watu wote ambao wazee wao waliletwa toka Kasai kuchimba shaba: bilulu, wadudu. Neno lilianzia kwenye mikutano ya wakubwa, likashuka sokoni, likaingia kanisani, mwishowe likapanda mezani pamoja na bukari, ugali wa kila siku. Kiwanda kilikuwa kimekufa, mshahara umekufa, na wakubwa, kwa akili zao nyingi, wakagundua kwamba dawa ya mshahara uliokufa ni nyumba ya jirani.

"Mama, siku ya posho tunaingia," Zéphirin alisema, maana yake Jumamosi. Alikuwa karani wa mtaa, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ambazo ofisini hakukuwa na kazi, nazo ndizo zilikuwa siku zote.

"Nilisikia, papa."

"Minye siko mubaya. Bengine banakuja na mapanga. Minye niko nakuambia na mudomo tu."

"Aksanti, papa."

"Sasa unarudia kwenu."

"Kwetu wapi? Minye nilizaliwa hapa Likasi, mu kambi ya bafanyakazi. Ile Kasai siyaionaka hata siku moja."

"Utaiona!" Zéphirin akacheka, akamtazama mkewe kuona kama naye amesikia jinsi alivyojibu vizuri.

Mama Marceline alimalizia fundo la kitenge. Machozi hakuwa nayo ya kumpa mtu kama huyu. Mwanawe Kazadi alikuwa ametangulia stesheni na magodoro, kuwawekea nafasi. Vitanda wameacha. Meza wameacha. Hayo yote alikwisha kuyatoa moyoni. Kitu kimoja tu hakuweza kukitoa.

"Niko na kintu kimoja cha kukuomba, papa. Ile mihindi yenye nilifunga bitambaa kule nyuma. Ingali na maziwa, haiyakomaa. Muniachie ikauke ku muti. Train hata haijulikane itakuja siku gani. Ikikauka, nitatoka pa gare nakuja kuichuma. Ingine yote, mukule."

"Bitambaa?" Zéphirin aliuliza. "Bitambaa bya nini?"

Akatoka kwenda kuangalia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kishamba kidogo, toka ukuta wa jikoni hadi kwenye mfereji. Udongo wake ulikuwa umechomwa na moshi wa kiwanda tangu enzi za wazee. Mama mzazi wa Marceline alipopanda humo mahindi meupe aliyotoka nayo Kasai, yaliinuka marefu, ya kujivuna, halafu mvua ilipokatika kidogo mwezi wa kwanza, yakageuka manjano na kulala chini. Baadaye Marceline alipewa na mwanamke mmoja wa Kapolowe mahindi mafupi mekundu. Hayo hayakuogopa jua wala moshi, lakini punje zake zilikuwa ngumu kama kokoto, na bukari yake ilikwaruza koo.

Basi akayaozesha. Ndivyo alivyosema mwenyewe: ninayaozesha, kama bwana na bibi arusi. Alivika mahindi meupe machanga vifuko vya karatasi kabla ndevu hazijatoka, yasiguswe na vumbi la shamba la mtu mwingine. Ndevu zikitoka, alikata mbelewele za yale mekundu asubuhi, akazikung'uta juu yake, akafunika tena. Mwaka uliofuata alipanda uzao wake, akangoja mvua ikatike. Mabua yaliyosimama aliyafunga kitambaa ili mtu asije akachuma ya kuchoma. Yaliyolala yalikwenda chunguni. Aliianza kazi hiyo Kazadi akiwa bado mgongoni. Sasa Kazadi alikuwa na mvi, na mahindi yalikuwa meupe, laini, bua fupi nene, gunzi jekundu kama damu ya kuku. Hakuna mtaa Likasi uliokuwa na mahindi kama yale.

Mbegu hakuuza. Mvua zikikaribia, jirani alikuja na kikombe kitupu, akarudi nacho kimejaa. Alphonsine alikuja na kikombe chake kila mwaka. Na vitambaa alivifunga pamoja na Marceline, mara nyingi, kwa mikono yake mwenyewe, wakicheka juu ya waume zao. Kikombe cha mwisho alichopewa alikisaga, wakakila. Waliopanda kwa adabu walikuwa bilulu vilevile, wamekwisha kufukuzwa. Na bidoni, dumu ambamo Marceline aliweka akiba, askari walilichukua siku walipoupora mji, wakapika mbegu na nyama ya kopo. Kwa hiyo mahindi yale yenye vitambaa, yaliyopandwa kwa kuchelewa, ndiyo yalikuwa yote yaliyobaki duniani.

Zéphirin alisimama mbele ya bua moja. Kitambaa kilikuwa cha bluu.

"Hii ni nguo ya nani?"

"Ni ya salopette ya bwana yangu. Ile ya kazi."

"Bwana yako si alikufa?"

"Alikufa, papa. Ndiyo maana nilikata salopette yake."

Zéphirin akarudi nyuma hatua, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nguo ya mufu! Ku chakula! Alphonsine, unaona? Ndiyo maana ya kwabo inakomaa na ya kwetu inaanguka!"

Mama Marceline akageuka. "Alphonsine. Muambie bwana yako. Weye ulifunga na mikono yako."

Alphonsine alikuwa anakitazama kidirisha cha jikoni, kana kwamba anapima pazia. "Minye sijue mambo ya mihindi yako, mama," akasema.

Mama Marceline alimtazama mpaka yule akaanza kukuna shingo. Kisha akamwacha. Kuna watu ambao hata kuwachukia ni kuwapa heshima.

Wakamwita Mchungaji Joachim, ambaye nyumba yake mwenyewe, aliyoipata mwezi uliopita, ilikuwa bado na picha za arusi za watu wengine ukutani. Alikuja na chupa ya mafuta na vijana wa kwaya. Aliamuru shetani atoke kwenye mahindi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Vijana waling'oa kila bua lenye kitambaa. Vitambaa walivichoma pale pale. Mahindi wakayatia ndani ya gunia.

"Yatachomwa kanisani," mchungaji alisema.

Mabua mengine yote, yale dhaifu ambayo Marceline alikuwa ameyaacha kwa ajili ya chungu, wakayabakiza yamesimama. Hayo hayakuwa na shetani.

Mama Marceline akajitwika sufuria zake, akaenda stesheni.

Huko watu walikuwa wametandikwa kama dagaa, toka ofisi ya tiketi hadi ng'ambo ya reli, chini ya vitenge na mabati. Mvua iliwanyeshea, kisha ikakatika na jua likawachoma, watoto waliharisha, wazee walizikwa karibu. Garimoshi lilikuwa linakuja kesho. Kila siku lilikuwa linakuja kesho.

Asubuhi moja Mama Marceline akasikia sauti aliyoijua. "Mihindi ya moto! Mihindi ya moto!" Alphonsine alikuwa anaruka magodoro ya watu, beseni kichwani. Alipomwona Marceline alisita, halafu akachuchumaa, akatabasamu, akamtolea moja. "Kamata, mama. Ya bule. Kwa weye, ya bule."

Mama Marceline akavua ganda. Punje nyeupe. Akazing'oa chache kwa kidole gumba. Gunzi jekundu.

"Hii ni ile ya bitambaa."

"Mchungaji aliiombea," Alphonsine alisema haraka. "Iko propre sasa, iko safi. Tuligawanya na yeye."

Alphonsine akasogea karibu, akashusha sauti, kama zamani walipokuwa wakisengenya waume zao.

"Mama, sikia. Ile yenye ilibakia mu lupango, kule nyuma ya nyumba, yote inaanguka. Muvua ilikatika kidogo tu, ikalala. Zéphirin anasema ni weye uliiloga, lakini minye najua. Hauna hata kikombe moja ya mbegu? Weye hauwezi kukosa. Mwaka kesho tutapanda nini?"

"Mbegu iko."

"Wapi?"

"Mu beseni yako."

Alphonsine akatazama ndani ya beseni. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Akavuta kitambaa akafunika, akainuka, akajitwika.

"Mihindi ya moto!" akaita, akiendelea mbele kufuata reli. "Ya asubuhi hii! Mihindi!"

Watu walinunua, maana njaa haiulizi. Walikula kwa haraka, na magunzi mekundu yakaanguka katikati ya reli, moja baada ya jingine, juu ya kokoto na kinyesi. Waliokosa cha kununulia wakayaokota, wakayafyonza tena, wakayatupa.