Bwana Macho Amelala

Ukumbi wetu wa sanaa ulikuwa duka la dobi kabla haujawa ukumbi. Mabomba ya kutundikia nguo bado yapo darini, na picha zetu nyingi huning'inia kwenye hanga, kama mashati yanayosubiri wenyewe. Chumba ni kimoja tu, kina dirisha kubwa la mbele, benchi la mbao katikati, na meza yangu pale palipokuwa pa kupigia pasi. Mimi ndiye mtunzaji. Nafagia, napiga misumari, naandika vibandiko, na mtu akiuliza hii picha maana yake nini, mimi ndiye ninayetakiwa kujua.

Kila baada ya miezi miwili tunakuwa na maonyesho ya mada moja, na yeyote wa mtaani anaruhusiwa kuleta kazi yake. Mada huokotwa kwenye kopo la biskuti ambamo wanachama hutumbukiza vikaratasi. Vituko havijawahi kukosa. Mada ilipokuwa "Mlango", seremala alileta mlango mzima, ukagoma kupita mlangoni, tukauegemeza ukutani nje, na watu wawili wakabisha hodi. Ilipokuwa "Viatu", fundi viatu alifika siku ya ufunguzi, akaondoka na jozi moja, akairudisha Jumatatu ikiwa na soli mpya. Msanii alilia, maana ule uchakavu ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Safari hii kopo lilitoa "Usingizi".

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa amejiunga na darasa letu la kuchora la Alhamisi tangu mumewe astaafu. "Nyumba sasa ina watu wawili mchana kutwa," aliniambia. "Lazima mmoja atafute pa kwenda."

Huyo mumewe, Baba Mdogo, hakuna asiyemjua. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo, na kazi yake kubwa, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kukamata wanaosinzia. Alivaa raba ili asisikike akija. Mfukoni alikuwa na kidaftari cheusi cha kuandika majina, na aliyeandikwa mara mbili alirudishwa nyumbani siku tatu. Wafanyakazi wakambandika jina la Bwana Macho. Naye akalipenda, akalichukulia kama cheo. Hata baada ya kustaafu aliendelea kututangazia: "Usingizi wa mchana ni ugonjwa. Mimi tangu nizaliwe haujanipata."

Wiki moja kabla ya ufunguzi Mama Mdogo aliingia na furushi lililofungwa kwa shuka. Ndani mlikuwa na picha tisa alizozichora kwa mkaa. Zote za Baba Mdogo, na zote amelala. Kwenye kochi, shingo imepinda kama ya kuku aliyechinjwa. Kwenye ngazi za nyuma, gazeti kifuani. Kwenye kiti cha jikoni, kijiko bado kiko mkononi. Mbele ya redio, mdomo wazi hata magego unaweza kuyahesabu. Chini ya kila picha aliandika saa: saa nane mchana, saa kumi jioni, moja hata saa tatu asubuhi.

"Baba Mdogo anajua?" nikauliza.

"Ajue vipi? Si alikuwa amelala?"

"Mama Mdogo, hapa patachimbika."

"Pachimbike. Wewe lete nyundo."

Nitasema kweli: zilikuwa picha nzuri kuliko zote tulizopokea. Ile mikono, hasa. Mtu aliyeichora alikuwa ameiangalia muda mrefu, bila haraka. Nikazitundika ukuta wa kati, zikapata mwanga wote wa dirisha.

Jumamosi Baba Mdogo alikuja amevaa koti na tai. Mkewe alikuwa amemwambia tu kwamba amechora "vitu vya nyumbani", naye toka mlangoni alikuwa akiwaambia watu waangalie maua ya mke wake. Akasimama mbele ya picha ya kwanza. Akaenda ya pili. Kwenye ya tano akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mtu," akajibu Mama Mdogo.

"Anafanana na mimi."

"Watu hufanana."

"Amevaa fulana yangu."

"Fulana ndiyo zinafanana zaidi."

Pengine yangeishia hapo, lakini kati ya wageni alikuwepo Bi Cherehani, mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi na ambaye siku hizi anashona nguo mtaa wa pili. Akasogea, mikono kiunoni.

"Bwana Macho, mimi ulinirudisha nyumbani siku tatu kwa sababu ya kufumba macho. Sasa huyu aliyefumba macho na kufumbua mdomo, tumrudishe wapi?"

"Tayari yuko nyumbani!" sauti ikajibu kutoka nyuma.

Watu waliangua kicheko mpaka hanga zikagongana. Baba Mdogo akainua kidole. "Napumzisha macho! Kulala na kupumzisha macho ni vitu viwili!" Lakini nani alikuwa anamsikia? Akamgeukia mkewe, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatoka, hata soda hakunywa.

Habari haina miguu lakini inafika. Kuanzia siku ya pili walianza kumiminika waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda. Wengine sijawahi kuwaona mtaani kwetu. Daftari la wageni, ambalo kwa kawaida halijai hata kurasa mbili, lilijaa. Mmoja aliandika "Mwosha huoshwa." Mwingine: "Nimetembea kilomita nane kwa miguu. Sijutii hatua hata moja." Mzee mmoja alisimama mbele ya picha ya saba, akaangalia kushoto na kulia, akanong'ona, "Amka!" kisha akaenda zake ameridhika.

Nyumbani nako mambo yalikuwa magumu. Mama Mdogo alipita kunipa taarifa. "Amegoma kukaa. Anakula wima. Jana amefagia ua mara tatu, leo amehamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akalirudisha. Macho mekundu kama pilipili. Anataka kunionyesha kwamba yeye halali. Basi halali, na wala hatulazi."

Ilipofika Alhamisi mchana, Baba Mdogo mwenyewe akatokea ukumbini.

"Ziondoe," akaniambia, bila hata salamu.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Ziondoe."

"Kanuni ya ukumbi hairuhusu. Kazi inaondolewa na yule aliyeileta, basi."

"Nani aliandika kanuni ya namna hiyo?"

"Wewe, Baba Mdogo."

Ni kweli. Tulipofungua ukumbi tulimwomba atusaidie kanuni mbili tatu, akatuletea ishirini na sita, zimepigwa chapa.

"Ni ya ngapi?"

"Ya kumi na nne."

Akafikiri kidogo. "Ni kanuni nzuri," akakubali kwa uchungu.

Darasa la mkewe lilikuwa linaanza saa tisa, hivyo akasema atamsubiri hapo hapo. Akakaa kwenye benchi, mgongo umenyooka, mikono magotini, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Jua lilikuwa limelijaza dirisha na chumba kilikuwa na joto zuri. Nikaenda nyuma kuosha vikombe. Niliporudi, Bwana Macho hakuwepo tena duniani. Kidevu kilikuwa kifuani, na pumzi zilikuwa zinatoka kwa mluzi.

Na kama kwa makusudi, mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Cherehani na wenzake watatu wa kiwandani. Nikasema moyoni, leo ameumbuka.

Mmoja wao akachomoa simu apige picha. Bi Cherehani akaushusha mkono wake taratibu.

"Mwache."

"Si ndiye yeye?"

"Ndiye. Hebu mtazame. Mzee wa watu amechoka."

Akakaa kwenye ncha ya benchi, na kila aliyeingia akamwonyesha ishara ya kidole mdomoni, anyamaze. Sijawahi kuuona ukumbi wetu vile. Watu walizunguka kwa ncha za vidole, wakitazama wale tisa walioning'inia na yule wa kumi aliyekaa.

Mama Mdogo alifika na karatasi zake. Alivuta kiti changu, akakaa mbele ya mumewe, akatoa mkaa. Ikasikika ile sauti ya kukwaruza. Ndiyo iliyomwamsha, mtu aliyetega masikio miaka thelathini na moja haachi kirahisi. Akafungua jicho moja.

"Unanichora."

"Nakuchora."

"Mbona hunichori nikiwa macho, kama waume za watu?"

"Ukiwa macho hutulii. Unakagua." Hakuacha kuchora. "Miaka yote ile ulitoka alfajiri, ukarudi giza limeingia, ukauliza kama watoto wamekula, ukalala. Uso wako wa mchana ulikuwa wa kiwanda. Mimi sikuwa naujua. Ulipostaafu, siku ya kwanza kutulia, ulisinzia na kijiko mkononi. Nikakaa nikakutazama mpaka chai ikapoa. Nikasema, kumbe mume wangu ana kidoti chini ya sikio."

"Kidoti gani?"

"Kipo kwenye picha ya tatu. Nenda kakiangalie."

Akainuka, akakiangalia kwa karibu, mkono ukipapasa sikio. Alipogeuka, akakutana na Bi Cherehani.

"Wewe nilikuandika," akasema.

"Mara nne."

"Nilidhani mbili."

"Nne. Nilikuwa na pacha wachanga. Walikuwa wanapokezana kulia, usiku kucha, kama wana zamu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliandika."

Baba Mdogo akavua miwani, safari hii hakuifuta. "Ningeuliza," akasema. "Ilikuwa kazi yangu kuuliza. Nisamehe, mama."

"Hao pacha sasa wana ndevu," akasema Bi Cherehani. "Yamepita. Hebu kaa chini, mkeo hajamaliza."

Akakaa. Akafumba macho. "Mdomo nifunge?"

"Acha ulivyo," akasema Mama Mdogo.

Picha hazikuondolewa. Ile ya kumi tuliitundika kesho yake, na maonyesho tukayaongezea wiki mbili kwa sababu watu walikuwa bado wanakuja. Baba Mdogo naye alikuwa hakosi. Wageni wakiingia anawapeleka kwenye picha ya tatu, anageuza shingo ili walinganishe kidoti cha karatasi na cha mwilini. Akichoka, anajinyoosha kwenye benchi mbele ya watu wote, na akikutana na jicho la mtu anasema, "Nalala," bila haya hata kidogo.

Siku ya mwisho akaja bwana mmoja aliyevaa vizuri, mgeni kabisa, akazunguka chumba mara mbili, kisha akaniuliza kama anaweza kuinunua picha ya tatu. Mama Mdogo alifurahi. Hakuna aliyewahi kutaka kununua kazi yake. Alikuwa ameshaanza kuishusha kwenye hanga Baba Mdogo alipoamka, akaelewa kinachoendelea, akasimama katikati yao na mikono ameitandaza.

"Siuzwi!" akasema.

Yule bwana akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Mdogo. Mama Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, anacheka mpaka machozi yanamtoka, hawezi kunisaidia kitu. Ikabidi nimpeleke mgeni kwenye kona ya pili, nimwonyeshe picha ya paka amelala juu ya mzani, iliyochorwa na mwenye duka la dawa. Akampenda, akaondoka naye.