Hodi ya Tatu kwa Linta

Usiku wa kuamkia leo niliota niko juu ya stuli, drili mkononi, mbele ya dirisha la chumba nilichomwandalia mama. Mama katolewa mtoto wa jicho, anafika kwangu asubuhi, na daktari kasema jua lisimpige usoni. Pazia la kushusha ninalo. Kazi ni kulifunga juu ya dirisha, kwenye linta, lile zege linalobeba ukuta. Jana mchana upande wa kushoto ulikubali. Wa kulia, drili iliingia kiasi cha ukucha, ikagoma.

Kwenye ndoto nabonyeza. Drili inakohoa, inaniuliza:

"Dada Zuhuria, umebisha hodi?"

"Kwa nani?"

"Shemeji yako alikwambia nini aliponiacha hapa?"

Kweli, shemeji Mahundi, ambaye ni fundi, aliniambia nigonge ukuta kwanza nisikilize. Nikaona ni mbwembwe za mafundi.

Nagonga. "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Kwetu ukipiga hodi tatu usiitikiwe unaondoka, hata kama unaona moshi jikoni. Nimebakiwa na moja.

Nageuka, chumba kimekuwa wodi ya macho. Wagonjwa wote ni madirisha, wamefungwa bandeji. Mama yuko benchi la mwisho, kakumbatia kapu lake. Jua limekaa ubavuni kwake, limekunja nne, linamenya chungwa.

"Toka hapo," naliambia.

"Nitolewe na nani? Wewe na hicho kidude kinachokohoa?"

"Usinihusishe," drili inasema.

"Mwanangu," mama anauliza, "nani huyu ananipumulia usoni?"

"Mgeni, mama. Funga macho. Usifungue hata nikikuita."

Jua linasogea. Kapu la mama linaanza kutoa moshi. Siharakishi. Nagonga kwa kidole kimoja, taratibu.

"Hodi, wenyewe."

"Nani?" Linta ina sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Zuhuria. Wa jana."

"Aha, uliyenichoma bila salamu! Tena palepale zilipolala nondo zangu za chuma."

"Nisamehe. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyo anayekula chungwa ndani kwangu, kapitia wapi?"

"Dirishani, chini yako. Kila asubuhi."

"Alibisha?"

"Hajawahi."

Linta inaguna, vumbi linaniangukia. Mama anaanza kuhesabu pumzi zake kwa sauti.

"Sogea vidole vinne kulia," linta inasema mwishowe. "Karibu."

Naweka vidole vinne ukutani. Jua linainuka haraka, linatafuta viatu vyake.

Nikaamka. Kumekucha. Jana nililala nimenawa mpaka viwiko, lakini ncha za vidole vyangu vinne zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji. Nikapanda stuli. Kulia kwa lile tundu lililogoma palikuwa na alama nne za vidole, zimepangana.

Nikatoboa ilipoishia alama ya nne. Drili ikazama yote, haikukohoa.

Nilikuwa nimeshashusha pazia, bado nimeshika bisibisi, nikamsikia mama mlangoni.

"Hodi humu!"

Tukaitikia wawili, mimi na linta.