Ngozi ya Lori

...na mimi naitikia tu, ndiyo wakili, ndiyo, kumbe nililolisikia ni neno moja, nyumba, amesema hata nyumba yangu ya kule Pasiansi, amelisema taratibu huku akikoroga chai, na nyumba inaingiaje hapa, lori ndilo lililoungua, limepinduka njia ya Magu na pamba ya mkopo ya wakulima mgongoni likawaka mpaka likabaki chuma, dereva aliruka, Mungu mkubwa, sasa Odeta mke wangu na jiko alilolijenga kwa pesa ya maandazi yake waliliendesha lini hilo lori... "Mzee Maige, ubia si kampuni," anasema wakili Suhaib, kijana ambaye baba yake alinishonea suti ya harusi, "kampuni ingedaiwa yenyewe, ninyi kampuni hamkuandikisha, basi deni la mwenzako ni lako, wakulima wakimkosa yeye watakuja kwako, mpaka ng'ombe, mpaka nyumba," na mwenzangu ni huyo hapo mlangoni, Kashindye, amekataa kiti, amekumbatia kitu kwenye kiroba, macho chini, nimekuwa nikimwogopa tangu nipate habari, nikajiambia kaniuza huyu, kauza pamba kisha kachoma lori makusudi, mimi niliyempa lori kama baba yangu alivyompa baba yake ng'ombe kule Bujora, hatukuandikiana, nani anaandikiana ng'ombe, mwenzako analisha, maziwa anakunywa, ndama mnagawana, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi, unatazama alama yako, unaipokea, yameisha, sijasikia mtu amepoteza zizi zima kwa ng'ombe mmoja aliyefia kwa watu, kwa hiyo serikali iliporuhusu watu binafsi wanunue pamba nilimwambia haya, Kashindye, lilishe hili, nikarudi zangu nyumbani kungoja ndama, mjinga mimi, nilidhani lori lina kwato... "Iko hoja moja," anasema wakili, "kama ulimkodisha lori tu, hukuwa mbia, deni ni lake peke yake, lakini niambie kweli, wakulima walikukopesheni pamba kwa kumwamini nani? Jina lako walilijua?" na mdomo wangu umeshafunguka, hawakulijua, nasema moyoni, hawakulijua kabisa, jinsi ilivyo rahisi, nyumba imerudi, jiko limerudi, naona hata pumzi imerudi, ila Kashindye amepiga hatua, anafungua kiroba, "Kaka, nimekuletea," na ni kipande cha bati, amekikata kwenye mlango wa lori, rangi ya bluu imebabuka kwa moto lakini maandishi yanasomeka, MAIGE NA KASHINDYE, WANUNUZI WA PAMBA, ananinyooshea kwa mikono miwili kama baba yake alivyokuwa akifanya, "usije ukadhani nimeliuza, kaka, alama yako hiyo," ee Mungu, ameniletea ngozi, kumbe naye alidhani hivyo hivyo, hakuniuza, amekesha kando ya chuma kile akikata bati kwa msumeno ili mimi nilale usingizi, na alama aliyoniletea ndiyo itakayonizika, kwa sababu wakili ameweka kijiko chini, amesoma, amenitazama, "Hicho ndicho walichokisoma wakulima, mzee, sitakuambia useme nini, nakuuliza tu, ulikuwa mbia wake?" na nje ya dirisha ziwa liko pale pale, bati huzama haraka, naweza kusema nilimkataza asiandike, na Kashindye hatabisha, hilo ndilo linalonitisha kuliko deni, atainamisha kichwa atasema ndiyo kaka, ulinikataza, atakwenda kudaiwa peke yake na wanawe wanaoniita baba mkubwa, na mimi nitakaa Pasiansi ndani ya nyumba yangu nikimwogopa kila anayebisha hodi... yule bibi wa Magu, Kashindye alinisimulia tukacheka, aligoma kupakia pamba yake mpaka asomewe mlango, akauliza Maige yupi, wa Bujora, mtoto wa yule aliyekuwa akiwapa watu ng'ombe wafuge, basi pakieni, pamba yake yote, tukacheka sana, na mimi nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi, siku fundi alipokuja na kopo la rangi nilizunguka lori kuona kama na upande wa pili ameandika, Odeta akasema acha kujisoma, baba Queen, chakula kinapoa... chai ya wakili inatoa moshi bado, Kashindye bado amenyoosha mikono, naogopa, jamani naogopa, nitamwambiaje Odeta, jiko lake, nitaanzia wapi, lakini ngozi iko mbele yangu na mtu hawezi kuikana huku anaitazama alama, na siku ile fundi aliuliza jina lipi lianze, Kashindye akajibu kabla yangu, la mkubwa, kaka atangulie.