Kidole cha Mjomba

Kama hujawahi kuvaa hedifoni zilizotoka kwenye masikio ya Mjomba, mshukuru Mungu uendelee na maisha yako. Sponji zake zilikuwa zimelowa jasho la kila aliyewahi kuogopa ndani ya ndege ile, na juu ya jasho kulikuwa na harufu ya mayai ya kuchemsha, maana yeye, mkufunzi mkuu wa chuo cha urubani, hakupaa bila mayai mfukoni. Aliyamenya angani. Maganda aliyaacha chini ya pedali za kulia, na kazi ya kuyakwangua ikawa ya mkufunzi mpya, kijana mwembamba ambaye chuo kizima kilimwita Kijiti.

Kijiti alikuwa rubani tayari alipoanza kusomea ukufunzi. Alidhani ni kuhama tu kutoka kiti cha kushoto kwenda cha kulia. Thubutu! Ukikaa kulia, mkono unaoshika usukani ni mwingine, njia ya kutulia ndege inaonekana imepinda, na mdomo hauna ruhusa ya kufungwa: unarusha huku unaeleza, unaeleza huku unamchunga mtu anayetaka kukuua kwa nia njema. Mjomba ndiye aliyemfundisha, akikaa kushoto na kujifanya mwanafunzi mjinga. Kwa ujinga alikuwa na kipaji cha kuzaliwa.

"Mwanangu," alimwambia siku ya mwisho, kiini cha yai kimemganda kwenye sharubu, "mwanafunzi akitua vizuri anafurahi, na akifurahi anarudi. Usiache ndege imtie aibu. Kidole kimoja chini ya usukani wako, na wake unafuata, basi. Hata hahisi."

Kijiti alicheka. Alidhani mzee anatania.

Ikafika asubuhi ya binti wa daktari wa meno kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Baba mtu alikuwa ameshafika na mama, shangazi wawili na simu tatu za kupigia picha, na alikuwa akimtabasamia kila mtu huku akimkagua meno. Mjomba alimvuta Kijiti pembeni, akishika tumbo.

"Limenikamata vibaya. Mpeleke wewe. Zungukeni mara moja, mtue, kisha ushuke umwachie ndege. Huyo binti anatua kama njiwa, nimemfundisha mwenyewe."

Binti alikuwa hodari kweli. Aliongea na mnara wa kuongozea ndege bila kigugumizi, akapaa vizuri, akageuka pale pa kugeukia. Kijiti aliweka mikono juu ya mapaja na kurudisha miguu nyuma, mbali na pedali, akaanza kumwonea fahari kana kwamba ni dada yake. Walishuka kuelekea njia ya kutulia. Ikasogea. Ikapanuka. Ulikuwa wakati wa kuinua pua ili ndege iguse chini kwa magurudumu ya nyuma.

Binti hakuinua kitu. Alikaa ametulia, anatabasamu.

"Inua," alisema Kijiti.

"Nini?"

"Pua! Naishika mimi!"

Aliuvuta usukani. Ndege ilidunda mara moja, ikadunda tena, ikayumba, ikakimbia pembeni mwa njia kabla haijakubali kusimama. Yai ambalo Mjomba alikuwa amelisahau nyuma ya kiti lilibingirika mpaka miguuni pao, likapasuka. Lilikuwa la zamani. Harufu ikajaa humo ndani kama mgeni asiyebisha hodi.

"Pole sana," alisema binti, amefunika pua. "Lakini leo ndege ina nini? Kawaida ikifika hapa huwa inajiinua yenyewe."

Kijiti alimtazama. Uso wa binti ulikuwa mweupe wa kutojua, kama wa mtu anayeeleza kwamba mlango wa dukani hufunguka mwenyewe.

"Na upepo ukipiga kutoka pembeni?"

"Inajinyoosha. Mjomba anasema ni ndege yenye akili."

Hapo ndipo Kijiti alipokumbuka kidole cha Mjomba. Miezi yote hiyo binti huyu hakuwahi kutua. Alikuwa abiria aliyeshikishwa usukani. Na leo angeachiwa ndege peke yake, na ambaye angekuwa ameshuka na kumruhusu ni Kijiti.

Alimkuta Mjomba ofisini, tumbo limepona, anatafuna.

"Hajui kutua, Mjomba."

"Nani alijua siku ya kwanza? Akiwa peke yake atajua. Hofu ni mwalimu mzuri."

"Yule mwanafunzi wako wa zamani aliyevunja gurudumu la mbele, ukamwambia ni mwoga, akaacha urubani. Naye ulimtilia kidole?"

Mjomba alijichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakiangalia alichokipata, akakipangusia kwenye suruali. "Wewe mtoto, unataka kuumwaga unga wako wiki ya kwanza? Kama unaogopa, kaa pembeni. Namwachia mimi."

Akatoka nje, mikono hewani. "Haya, haya! Rubani wetu yuko tayari!" Shangazi wakapiga vigelegele. Simu tatu zikainuliwa. Binti akaanza kutembea kuelekea kwenye ndege.

Kijiti alimfuata Mjomba nje.

"Mjomba, panda naye basi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kiti cha nyuma. Mbele atakaa peke yake, na nyuma hakuna usukani. Atue mara moja tu, nawe umo."

Mjomba akacheka. Akacheka peke yake.

"Wazo zuri!" alisema daktari wa meno. "Utampiga picha kwa nyuma."

"Mimi? Hapana, daktari, tumbo langu—"

"Si umesema anatua kama njiwa?" Aliyesema ni binti mwenyewe. Alikuwa amesimama kando ya bawa, anamtazama Mjomba mikononi. "Panda, Mjomba."

Mjomba aliangalia kiti cha nyuma. Jasho lilimtoka puani, likateremka kwenye sharubu, akalilamba. Hakupanda. Simu zikashuka moja baada ya nyingine, na baba mtu akaacha kutabasamu.

"Kumbe aliyekuwa anatua ni wewe, na leo ungeniacha niende peke yangu," alisema binti taratibu. Mjomba alinyoosha mkono amshike bega. Binti akaruka nyuma kama aliyeona mende kwenye sahani.

Kijiti alidhani atashukuriwa. Thubutu tena!

"Usinitazame hivyo," binti alimgeukia. "Nyinyi nyote mnakaa upande ule ule. Nitajuaje kama na wewe hunidanganyi?"

"Hujui," alisema Kijiti.

Binti akafungua mlango, akalizoa yai kwa kitambaa na kulitupa nje, akakaa kushoto na kufunga mkanda.

"Njoo. Mikono weka magotini, niione. Ukigusa kitu, useme kwa sauti. Ukinyamaza ukagusa, nashuka na sirudi."

Walipaa mbele ya familia nzima iliyonuna. Waliporudi, ndege ilitua kwa kishindo kibaya, ikadunda kama mpira wenye tundu. Kijiti alijiuma ulimi, damu ikamjaa mdomoni.

"Uligusa?" aliuliza binti, anahema.

"Sikugusa."

"Ni mbaya hivyo?"

"Ni mbaya sana, dada."

"Haya," alisema, akasukuma wenzo wa mafuta ili wapae tena. "Tunaanza na hiyo."