Bibi wa Ukutani

Mjukuu wangu anatengeneza tamthilia ya televisheni kutokana na gemu ya kompyuta, ile ambayo dunia imekwisha na watu waliobaki wanagombania makopo ya maharage. Ndani ya gemu hiyo yumo bibi mmoja mwenye ndoo. Anatembea hadi ukutani, anaugonga kwa paji la uso, kisha anaendelea kutembea pale pale. Miaka tisa sasa. Wachezaji wanampenda kuliko shujaa mwenyewe.

Wakanitafuta mimi nimwigize.

"Bibi, wewe una subira," mjukuu aliniambia. "Na leo mwenye gemu anakuja mwenyewe. Asiporidhika na onyesho la ukuta hatii saini mkataba, na mimi sina kazi."

Basi nikavaa kama yule bibi wa kwenye gemu, kiatu cha kushoto cha kahawia na cha kulia cheusi. Wakaninyunyizia majivu kichwani, na unga kidogo kwenye nyusi. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya matofali, nyuma umeegemezwa magunia mawili ya mchanga. Ndoo walinipa iliyotoboka. Nikawauliza, kwani dunia ikiisha na akili nazo zinaisha? Mpambaji akacheka hadi brashi ikamdondoka.

Mwenye gemu akaja, kijana mnene wa kandambili, kikombe cha kahawa mkononi. Akaketi. Nikatembea. Ti. Ti. Ti.

"Hapana," akasema. "Huyu anafikiri. Yule wa kwenye gemu hafikiri."

Nikarudia. "Sasa anaukwepa." Nikarudia. "Goti la kulia linainuka mno." Kufika mara ya kumi na nne, mjukuu wangu alikuwa anatafuna kamba ya kofia yake. Namjua tangu ananyonya: akitafuna kitu, machozi hayako mbali.

Nikaweka ndoo chini. "Mwanangu," nikamwambia yule kijana, "huyu bibi anakwenda wapi?"

"Haendi popote."

"Mtu habebi ndoo bila kwenda mahali."

Akaitazama kahawa yake. "Kisimani. Kiko upande wa pili. Nilitakiwa kuweka mlango. Siku ile nilichoka, nikasema nitauweka kesho."

"Na hiyo kesho?"

"Watu walikuwa wameshampenda. Nikiweka mlango sasa wataniandama."

"Miaka tisa umeniacha hapa na ndoo!"

"Siyo wewe, Bibi..."

"Nani basi kavaa viatu hivi?"

Mjukuu akasema kwa sauti ndogo, "Kamera." Nikaokota ndoo. Safari hii sikufikiri kitu, nilikuwa nimechoka tu. Ti. Ti. Ti. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyesema kata.

Kisha nikahisi mkono kwenye kiwiko changu. Yule kijana, na kandambili zake na kikombe chake, akanigeuza taratibu, akaniongoza hadi ukuta ulipoishia, akanipitisha.

"Huku, Bibi. Samahani."

Upande wa pili hakukuwa na kisima. Alikuwepo mpambaji, anakula ndizi.

"Kata!" mjukuu akapiga kelele. "Hiyo hiyo!"

"Ifute, mimi nimo!" kijana akasema.

"Umo. Na kandambili."

Kijana akaiangalia mara mbili kwenye kioo cha kamera, midomo ikimcheza. Mjukuu akamsogezea karatasi na kalamu.

"Sasa nimeingia kwenye hadithi, si itabidi nife?" kijana akauliza.

"Sehemu ya pili. Unaliwa na mbwa."

"Wangapi?"

"Watatu."

Akatia saini.