Gari Pana la Severin

Severin hakutaka gari la kumfikisha Kisagala. La kumfikisha alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, laiti angekuwa na masikio. Alichotaka ni gari la kuonekana nalo, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa ofisa wa shirika moja la mazao pale Morogoro, na miaka hiyo yote aliikalia siti ya mbele ya Landrova moja ya kijani, mkono nje ya dirisha, akipanda Uluguru kuwafundisha kilimo watu wanaolima kuliko yeye. Kisha zikaja enzi za ruksa. Shirika likafungwa, meza zikauzwa, viti vikauzwa, na wafanyakazi wakapewa barua za shukrani. Landrova ilikuwa imelala nyuma ya ghala, kuku wanataga kwenye siti ile ile ya mbele. Severin akaandika zabuni akaipata, maana hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Mkewe Editha aliposikia, alikaa kitako akauliza kama na kuku wamo.

Haraka ya kuinunua ilikuwa na sababu yake. Mwaka huo, tisini na nne, mjomba wake mkubwa alifariki huko Kisagala, juu kabisa ya Mlali, na Severin ndiye mtoto wa kwanza wa dada wa huyo marehemu. Kwa Waluguru mali ya ukoo hupita upande wa mama, na anayerithi jina la mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mashamba yote. Tena katika ukoo wao harithi jina tupu, anarithi na umri. Akishakaa kwenye kigoda, hata waliomzaa humwita mjomba na kumwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba bila kuona haya. Severin aliipenda sana sehemu hiyo. Alikuwa akiifanyia mazoezi bafuni, mara marahaba nzito, mara marahaba ya puani, mpaka Editha akamwomba apunguze sauti, majirani wanasikia.

Lipo jambo jingine ambalo hakulisema hata bafuni. Mfanyabiashara mmoja wa Dar alikuwa amelitamani bonde la ukoo, lile lenye maji mwaka mzima, apande maua ya kupeleka Ulaya. Severin alikwisha kumpa neno lake. Kilichobaki ni jina.

Fundi Yunusi wa Mji Mpya aliizunguka Landrova mara mbili, akaingia uvunguni, akatoka na jibu fupi. Gari ni zima. Klachi imekwisha, breki zibadilishwe, springi mbili zimekatika, rejeta izibwe, injini ifunguliwe isafishwe. Wiki mbili tu na mzee atapanda nayo mpaka mawinguni. Severin alichukia. Yaani yeye, mrithi wa jina, apande na gari lile lile na rangi ile ile waliyomzoea nayo akiwa mwajiriwa? Hapana. Kila wiki mitumba ilikuwa ikishuka Dar, mashati, friji, injini za Kijapani, na Severin alikwenda huko akawa hachagui, anazoa. Akarudi na injini. Akarudi na ngao ya chuma ya kufunga mbele, nzito utadhani anakwenda kupigana na tembo. Akarudi na taa sita za kuweka juu, honi ya basi, vioo vyeusi, redio ya kaseti na spika nne, na keria ya kubebea mizigo yenye urefu wa kitanda. Mizigo gani, Yunusi hakuuliza. Fundi mwenye watoto sita haulizi sana.

Aliuliza mara moja tu, zilipokuja ekseli. Severin alikuwa ameziona kwenye gari kubwa la Kijapani, zikiwa na matairi yake manene, akasema ndizo hizo. Yunusi alichukua utepe, akapima, akapima tena, akamwita.

"Mzee, hizi zinayatoa matairi nje ya madigadi karibu shibiri nzima kila upande. Huko unakokwenda, njia inakubali?"

"Upana ndio heshima, fundi. Wewe funga."

Yunusi akafunga. Wiki mbili zikawa miezi mitatu, na Landrova ilipotoka gereji ilikuwa nyekundu, imeinuka, imetanuka, na kuingia ndani yake kulihitaji stuli. Severin alikuwa na stuli.

Siku moja kabla ya tambiko la kurithi jina, ukoo wote ulipanda Kisagala kwa miguu, ndivyo wanavyofanya, walale huko na waamke pamoja. Kondo, mdogo wake Severin, anayelima kabichi Mlali, alishuka mjini kumfuata waongozane. Alimkumbusha kwamba pombe ya tambiko humwagwa kabla jua halijafika utosini, na ikishamwagwa haisubiri mtu. Aliyepo ndiye anayekaa kigodani. Severin alicheka. Akamwambia mdogo wake atangulie, awapange watu uwanjani, awageuze wote watazame upande wa barabara.

"Foo-wili haichelewi," alisema.

Asubuhi wakaondoka mapema, Yunusi kwenye usukani, maana gari lile halikuweza kwenda popote bila fundi wake. Severin alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi ikaumia. Walipopita Mlali alipiga honi ya basi kwa kila aliyemwona. Hakuna aliyempungia, akadhani ni kwa sababu ya vioo vyeusi, akashusha kioo. Bado hakuna aliyempungia. Lakini tuseme ukweli, gari lilipanda. Makorongo liliyameza, mawe liliyaruka, na saa mbili na nusu walikuwa kwenye daraja la Kwa Chausiku, bado mwendo mfupi tu wa gari kufika Kisagala.

Daraja hilo si la kusifiwa. Ni magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo, moja kwa matairi ya kushoto, moja kwa ya kulia, yamechongwa bapa kwa juu. Katikati ni uwazi mtupu, na chini maji yanapiga mawe. Yunusi alisimamisha gari, akashuka, akaangalia magogo, akaangalia matairi. Alirudi kuchukua utepe ingawa hakuuhitaji. Tairi la kushoto likikaa kwenye gogo lake, la kulia linakalia hewa.

Severin alitoa kichwa dirishani. Mlangoni mwa nyumba iliyo kando ya daraja alikaa Chausiku mwenyewe, bibi aliyempita Severin kwa miaka ishirini, akimenya maharage. Severin hakumwamkia. Aliuliza tu, kwa ukali, ni mpumbavu gani aliyejenga daraja jembamba namna hii.

"Wewe, Bwana Shamba," alisema Chausiku.

Akamweleza taratibu, mikono ikiendelea na maharage. Mwaka sabini na sita alisimama pale pale, na Landrova hiyo hiyo ilipokuwa bado na akili zake. Wanakijiji walikuwa wamepasua mbao za kutosha kufunika daraja zima, watu wapite na mizigo yao. Bwana Shamba akakataa. Akasema mbao ni mali ya taifa, gari linahitaji magogo mawili, basi. Akapima matairi kwa mkono wake na kuamuru upana usizidi hata kidole. Mbao zilizobaki zikapakiwa kwenye Landrova zikashuka mjini, na taifa likazifanya milango. Severin aliijua milango hiyo. Mmoja ulikuwa wa bafuni kwake.

Tangu siku hiyo wanawake wa Kisagala huvuka na matenga ya kabichi kichwani juu ya gogo moja, upandeupande, mguu mmoja ukivuta mwenzake. Chausiku alitumbukia kwenye ule uwazi mwaka mmoja wa mvua nyingi. Nyonga haikurudi mahali pake, na ndiyo maana leo alikuwa peke yake nyumbani wakati ukoo mzima uko juu kwenye tambiko. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Severin alitazama saa yake.

Yunusi alimwambia kwa adabu kwamba kwa miguu ni saa moja na nusu, akianza sasa atawahi. Na kweli angewahi. Jina lilikuwa pale juu linamsubiri, na miguu alikuwa nayo miwili. Lakini Severin aliwaza ule uwanja wote uliogeuzwa kutazama barabara, halafu yeye anatokea kwa miguu, jasho linamtoka, viatu vimejaa udongo, mwenye gari asiye na gari. Moyo ulimkatalia kabisa. Akaamuru gogo la kulia lisogezwe.

Yeye na Yunusi wakatoa jeki garini, wakatoa mtaimbo. Gogo lililokaa miaka kumi na minane mahali pamoja halisogei kidogo. Hili liliinuka, likageuka, likatoka kingoni, likaenda zake korongoni kwa kishindo kilichomfanya Chausiku aache maharage. Sasa hata wa miguu alibakiwa na gogo moja.

Severin alikanyaga hilo moja, akaona maji, akarudisha mguu. Akajaribu tena, akarudisha tena. Chausiku alimwelekeza kama anavyoelekezwa mtoto: asitazame chini, ageuke upande, avute mguu, wanawake wanapita hapo na mizigo kila siku. Jasho lilikuwa limeilowesha suti yote. Aliogopa, aliogopa kweli, na hapakuwa na kioo cheusi cha kujificha nyuma yake. Akakaa juu ya ngao ya gari lake. Jua lilipokaribia utosini ngoma zikalia huko juu, kisha vigelegele, na hakuhitaji kuambiwa vya nani.

Alasiri ukoo ulishuka. Kondo alikuwa mbele, shuka nyeusi begani, na nyuma yake wazee na wanawake wenye vyungu vitupu. Habari ya bonde ilikwisha kusemwa huko huko: ni la kabichi, na litabaki la kabichi. Wakakuta gogo moja, gari jekundu lenye taa sita, na mtu amekaa juu ya ngao. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kondo alitazama, akaelewa, akawatuma vijana korongoni. Gogo likapandishwa, likarudishwa mahali pake pa zamani. Kisha akamwomba Yunusi spana. Yunusi alimtazama Severin, Severin akatazama pembeni, na keria ikafunguliwa ikalazwa juu ya magogo mawili, ikaziba ule uwazi karibu wote.

Wa kwanza kuvuka alikuwa Chausiku, na fimbo yake, uso mbele, akaenda akarudi. Kisha wakavuka wengine. Kondo alivuka wa mwisho, akasimama mbele ya kaka yake. Severin alikohoa. Aliitafuta ile sauti ya bafuni, hakuipata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alijibu Kondo. "Na zile mbao utazirudisha lini?"

Severin alisema Jumamosi. Na Jumamosi watu wa Mlali walimwona akipita kwenda juu kwa miguu, mlango wa bafu kichwani, na safari hii walimpungia.