Muhuri wa Kutaka Kuishi

Saa tatu asubuhi benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, huko Ngamiani, lilikuwa limeshajaa. Mmoja alitaka barua ya kufungulia akaunti benki, mwingine ya kumdhamini shemeji yake, polisi hawamwachii bure. Devota alitaka barua ya kuthibitisha kwamba hataki kufa.

Si mzaha, chuo ndicho kilichoiagiza. Wiki mbili nyuma Devota, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliingia kwa mshauri wa wanafunzi, bwana Nehemia, ambaye mlangoni kwake pamebandikwa: Siri yako iko salama. Akamweleza yote. Kwamba kichupa cha pombe kali hutangulia uji. Kwamba siku nyingine huona afadhali asiwepo. Nehemia akatikisa kichwa kwa huruma nzuri kabisa. Kufika Alhamisi siri ilikuwa salama kwa matroni, salama kwa mkuu wa nidhamu, na salama kwa mlinzi wa geti, aliyemsaidia kubeba godoro alipotolewa bwenini. Asirudi bweni mpaka alete barua ya mtaa, yenye muhuri, kwamba hana nia ya kujidhuru. Mitihani ni Jumatatu.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Lete karatasi."

Mwenyekiti Zabron akaisoma kwa sauti, maana kusoma kimya hajajaliwa. Benchi zima likageuka.

"Kwani unataka kufa, binti?"

Mama yake, Bibiana, aliyemsindikiza, akamwahi. "Nani afe? Malaria ile, mwenyekiti, ilimpanda kichwani. Huyu hata soda humlevya."

Devota akamgeukia. Mama huyuhuyu ndiye aliyevitoa vichupa chini ya godoro, akavifunga kwenye mfuko mweusi, akaenda kuvitupa jalala la mtaa wa pili.

"Basi tumalize," Zabron akasema, akiupumulia muhuri maana wino umekauka. "Sema tu, mimi Devota nataka kuishi. Watu wana shida zao hapa."

"Siku nyingine nataka, siku nyingine sitaki," Devota akasema. "Pombe nakunywa. Malaria sina. Andika naumwa, naomba tiba."

"Hiyo sina fomu yake."

"Andika kwa mkono."

"Nikiandika hivyo chuo hakikupokei."

"Najua."

Mtu mmoja benchini akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Devota, mama," Bibiana akanong'ona, na mnong'ono wake ukafika mpaka barazani. "Sema ndiyo. Neno moja tu. Mtaani nitauweka wapi uso wangu?"

"Vile vichupa ulivitupa mwenyewe, mama."

Zabron akafunika kisahani cha wino.

"Mwingine."

Devota akaikunja karatasi ya chuo, akatoka juani, akashika njia ya hospitali. Hakumuuliza mama yake kama anakuja. Alipofika kwa mafundi baiskeli alisikia ndala nyuma yake, akageuka. Bibiana alikuwa amejitanda kitenge hadi puani. Devota aliposimama, naye akasimama, akajishughulisha na kuchagua nyanya za gengeni asizozinunua. Devota alipoondoka, akaondoka. Hivyo hivyo mpaka barabara kubwa, hatua ishirini nyuma, ili watu wasije kusema wako pamoja.